Mji Uliokimbiwa na Maji Baridi: Funzo la Takwa

Watu wa Shela, katika kisiwa cha Lamu, wana desturi ya kuvuka mlango wa bahari hadi kisiwa cha Manda kwenda kuomba mvua. Huenda kwenye magofu ya Takwa, mji ambao haujakaliwa kwa karibu miaka 300, wakasoma dua penye kaburi la mnara lenye maandishi ya mwaka 1094 wa Hijria, yaani miaka ya 1680 kwa hesabu ya Miladi. Wanakwenda huko kwa kuwa waliolala Takwa ni wazee wao. Shela ilipata watu wake kutoka Takwa, na sababu ya kuhama, kama ilivyopokewa kizazi baada ya kizazi, ni fupi: maji ya visima yaligeuka chumvi.

Kisa hiki kinafaa kisimuliwe tena leo, na kisimuliwe kwa sauti, kila mahali ambapo watu wanaishi kando ya bahari na kunywa maji ya ardhini. Yaliyowafika watu wa Takwa yako mlangoni petu, na safari hii hatuna Shela nyingine ya kuhamia.

Takwa haukuwa mji wa ovyo. Ulistawi katika karne ya 16 na ya 17. Ulikuwa na ukuta wa mawe, nyumba zaidi ya 100 za matumbawe na chokaa, na msikiti wa Ijumaa ambao ukuta wake wa kibla umebeba nguzo inayoonekana mpaka leo. Ulikaa ndani, mwisho wa mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, mahali ambapo chombo hakifiki mpaka maji yajae. Walioupanga mji ule walimfikiria adui, wakafikiria biashara, wakafikiria ibada. Visima walichimba, na penye msikiti walijenga birika la kutawadhia. Kwa miaka mingi maji yale yalitosha.

Kisha hayakutosha. Wanahistoria wanaoandika juu ya Takwa hutaja pia uhasama na mji wa Pate, na hapana haja ya kulipinga hilo. Lakini vita peke yake haviui mji milele. Pate wenyewe ulipigana na majirani mara nyingi, ukashinda na kushindwa, na hadi leo una watu. Mji wenye maji huvunjwa ukajengwa upya. Mji ambao visima vyake vimeingia chumvi haurudiwi, na Takwa haukurudiwa.

Ili tulielewe funzo hili, lazima tujue maji ya kisima cha pwani yanatoka wapi. Wengi hudhani chini ya ardhi upo mto wa maji baridi usiokauka, na kwamba atakayechimba zaidi atapata zaidi. Kisiwani mambo ni kinyume. Mvua inaponyesha juu ya mchanga na matumbawe, maji huzama. Huko chini hukutana na maji ya bahari, ambayo yamepenya ardhi pande zote. Maji ya mvua ni mepesi kidogo kuliko ya bahari, kwa hiyo hayazami zaidi. Huelea juu yake kama samli juu ya mchuzi. Hayo yanayoelea ndiyo tunayoteka. Ndiyo maana visima vingi vya visiwani hupanda na kushuka pamoja na kujaa na kupwa, ijapokuwa maji yake ni matamu.

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, wataalamu wawili wa Ulaya, Badon Ghyben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani, kila mmoja kwa wakati wake, walipata hesabu ya jambo hili. Kwa kila mita moja ambayo maji baridi yamesimama juu ya usawa wa bahari, yapo takriban mita 40 ya maji baridi chini ya usawa huo. Kwa mwenye kisima hesabu hii ina habari njema na habari mbaya. Njema ni kwamba akiba ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mbaya ni kwamba ukishusha maji ya juu kwa mita moja na kuyaacha yakae hivyo, chumvi hupanda kutoka chini kwa kadiri ya mita 40. Anayechimba zaidi akifuata maji yaliyoshuka, huwa anayafuata maji ya bahari.

Tena haihitaji chumvi nyingi kuharibu maji. Ndoo moja ya maji ya bahari ikiingia katika ndoo 50 za maji baridi, ulimi huanza kuhisi. Zikiingia ndoo tatu au nne, chai haina ladha, sabuni haitoi povu na mtoto anakataa kunywa.

Wazee wetu hawakuwa na vitabu vya hesabu hiyo, lakini walikuwa na mwenendo ulioiheshimu. Kisima cha mkono kina mpaka wake wa asili: mchimbaji akiyafikia maji, hawezi kuendelea mbali, kwa sababu maji humzuia. Basi visima vilikuwa vifupi, vikachota juu kwenye maji matamu. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba penye mlango wa kila msikiti palikuwa na kisima kimoja au viwili, vyenye kina cha dhiraa moja au mbili tu, na watu waliteka kwa chombo cha mti kilichotiwa mpini mwembamba. Chombo hicho tunakijua. Ni ndugu wa kata ya kifuu, ambayo bado imetundikwa katika nyumba nyingi za pwani.

Kata, ndoo na kamba vina faida ambayo hatukuitambua mpaka tulipovitupa. Mkono wa mtu unachoka. Anayeteka kwa kamba huchukua anachohitaji, kisha hukoma, na kisima hupata nafasi ya kujirudisha usiku kucha. Mji ulikuwa na visima vingi vidogo vilivyotawanyika, kila kimoja kikichota kidogo, na pasiwe na kimoja kilichonyonya mahali pamoja mpaka chumvi ikapanda. Vingi vilikuwa wakfu. Mtu alichimba kisima akakitoa sadaka ya kudumu kwa ajili ya wazazi wake, na maji yake hayakuuzwa. Kisima cha wakfu hakimtajirishi mtu, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kukikamua.

Ndani ya nyumba na msikiti lilikuwapo birika. Lilijengwa kwa mawe na chokaa, likajazwa, na maji yakatolewa kwa kata. Katika mabirika ya Lamu mafundi walitia bakuli la kauri kwenye sakafu ya chini, ili maji yakipungua samaki wadogo wabaki na pa kukaa. Samaki hao walikuwa na kazi: walikula viluwiluwi vya mbu. Tazama jinsi fundi alivyofikiria. Alihesabu kwamba birika litapungua, akahesabu kwamba mbu watakuja, akamwekea samaki akiba yake kabla hajaweka ya binadamu. Anayetawadha kwa kata huona kwa macho yake maji yanayopungua. Anayetawadha penye bomba lililo wazi haoni kitu, ingawa mafundisho ya dini anayoyafuata yanasimulia kwamba Mtume alitawadha kwa kibaba kimoja, kiasi kisichofika lita moja.

Baada ya kisima na birika, njia ya tatu ya wazee ndiyo kubwa kuliko zote, nayo ni jabia. Katika visiwa vya Lamu vilivyo na maji machache ya ardhini, kama Ndau na sehemu za Pate, watu walitengeneza uwanja wa sakafu ulioinama kidogo, mvua ikanyesha juu yake, maji yakateremka katika tangi lililochimbwa chini na kufunikwa. Jabia likijaa hunywesha watu katika miezi ya kaskazi. Halichoti kitu katika ardhi wala halisumbui bahari. Linadai mambo mawili tu: uwanja usafishwe kabla ya masika, na nyufa zizibwe kabla hazijawa kubwa. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyoshinda watu. Bomba lilipoahidiwa, na boti za maji zilipoanza kuja wakati wa ukame, uwanja ulianikiwa samaki, mbuzi wakalala juu yake, nyufa zikaachwa. Ukame ulipokuja na boti ikachelewa, jabia lilikuwa tupu. Wahenga walishatuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Takwa hauko peke yake katika kisa hiki. Bara, kusini kidogo ya Malindi, yapo magofu ya Gedi, yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Ulikuwa mji wa kasri, misikiti na visima vilivyochongwa ndani ya jiwe la matumbawe. James Kirkman, aliyeanza kuuchimbua mwaka 1948, aliona kwamba kisima cha msikiti mkuu kilikuwa kimeongezwa kina, akataja kushuka kwa maji kati ya sababu zilizouhamisha mji mwanzoni mwa karne ya 17, pamoja na vita na mashambulizi ya wakati ule. Kisima kinachoongezwa kina ni onyo lililoandikwa kwenye jiwe. Kila mkato mpya wa patasi ulikuwa unasema: maji yamekwenda chini. Waliochimba walisikia kiu yao, hawakusikia onyo.

Sasa tuje kwetu. Tumchukue mwenye nyumba mmoja wa mtaa wa pwani, wa aina ambayo kila mtaa unaye. Amerithi kisima cha baba yake, maji baridi, kina cha mtu mmoja na nusu. Ananunua pampu. Pampu ndogo inayotoa lita moja kwa sekunde hutoa lita 3,600 kwa saa, ambazo ni madumu 180 ya lita 20. Hakuna familia iliyowahi kuteka madumu 180 kwa saa kwa kamba. Anapandisha tangi juu ya dari, anaweka bomba chooni, jikoni na bustanini. Majirani wanakuja kununua, naye anauza. Mwaka wa kwanza mtaa wote unamsifu kwa maendeleo.

Kisha pampu inaanza kukohoa hewa alasiri. Anamwita fundi, fundi anaongeza kina, maji yanarudi. Furaha hiyo ndiyo inayomdanganya, kwa sababu sasa pampu yake imekaa karibu zaidi na chumvi. Kiangazi kinachofuata chai inabadilika ladha. Anadhani ni majani ya chai. Baadaye vyuma vya bomba vinakula kutu, mchicha unaungua ncha, na wanunuzi wanahamia kwa mwingine mwenye pampu, ambaye naye ameshaanza safari ileile.

Tena lipo lililo chungu zaidi. Nyumba ya pili yake anakaa bibi mjane ambaye hakununua pampu, hakuuza hata dumu moja, na bado anateka kwa ndoo na kamba. Kisima chake nacho kimeingia chumvi. Maji yaliyo chini hayajui ukuta wa kiwanja wala hatimiliki. Mchuma janga hula na wa kwao, na katika jambo la maji wa kwao ni mtaa mzima.

Hicho ni kielelezo, lakini mambo yenyewe si ya kubuni. Jijini Dar es Salaam, baada ya ukame wa mwaka 1997, visima virefu vilichimbwa kwa wingi, vya serikali na vya watu binafsi, kwa sababu bomba halikuwatosha watu. Hakuna anayeweza kuwalaumu wenye kiu. Hata hivyo wataalamu waliopima visima vilivyo karibu na ufuo walikuta chumvi imeongezeka, na wakazi wengi wa maeneo hayo sasa hutumia maji ya kisima kwa kufulia na kudekia tu, na hununua ya kunywa. Wanalipa mara mbili: walilipa kuchimba, na wanalipa kwa sababu ya kuchimba.

Kule Lamu hatari ina sura nyingine. Maji ya mji yanategemea matuta ya mchanga yaliyoko nyuma ya Shela na kuendelea ufuoni hadi upande wa Kipungani. Mgeni huona mchanga mtupu usio na kazi. Kumbe mchanga ule ndio ghala. Mvua inayoanguka juu yake haitiririki kwenda baharini. Inazama papo hapo, inachujwa, inaongeza tabaka la maji baridi ambalo visima vya mji vinateka. Matuta yametangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa, lakini tamaa ya viwanja haijaisha, na mchanga una wateja wa ujenzi. Kila nyumba inayosimama juu ya tuta huziba mahali mvua ilipokuwa ikiingilia, huchimba choo chake juu ya maji ya wengine, na aghalabu hutaka kisima na bwawa la kuogelea. Wajukuu wa Takwa wamepewa mara ya pili neema ileile iliyowatoka wazee wao. Itakuwa aibu kubwa wakiipoteza kwa kuuza mchanga.

Wapo watakaosema kwamba wazee walikuwa wachache na sisi ni wengi, na kwamba kata na birika haviwezi kuhudumia miji ya leo. Hoja hiyo ina kweli ndani yake. Hakuna anayetaka mama wajawazito warudi kuvuta kamba alfajiri. Lakini wingi wetu ni sababu ya kuongeza uangalifu, na mvua yenyewe ina hesabu ya kutia moyo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Lamu hupata kwa kawaida karibu milimita 900 kwa mwaka, nyingi zikianguka wakati wa masika. Paa la mita za mraba 50, basi, hupokea lita zipatazo 45,000. Tuseme theluthi imepotea kwa kuvuja, kuruka na kuosha paa mvua za kwanza. Zinabaki lita 30,000, ambazo ni madumu 1,500. Madumu hayo leo tunayaacha yaanguke uani, yakachimba makorongo, yakateremka baharini, kisha tunawasha pampu kuifuata bahari ardhini.

Ndiyo maana nasema hekima ya wazee si ya kuwekwa katika jumba la makumbusho. Kanuni zake zinafanya kazi hata penye saruji na mabati. Ya kwanza, anza na maji ya mbinguni kabla ya maji ya ardhini: mlizamu kwenye paa, tangi au birika lililofunikwa, mvua ya kwanza iachwe ioshe paa. Ya pili, penye kisima, chota juu na chota kidogo. Pampu iwe ndogo, ipewe saa za kupumzika, na maji yakishuka jibu liwe kupunguza matumizi. Kuongeza kina ni kualika chumvi. Ya tatu, rudisha ardhini unachoweza. Acha ua usisakafiwe wote, chimba shimo la kokoto la kupokea maji ya paa yaliyozidi, na choo kikae mbali na kisima, upande ambao maji yake hayateremkii kwenye kisima. Ya nne, kisima ni jambo la mtaa. Jirani anayeongeza pampu anagusa kikombe chako, nawe unagusa chake. Kaeni mkubaliane kabla hamjagombana.

Serikali nazo zina sehemu yao. Kenya ina Sheria ya Maji ya mwaka 2016, na Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Zote zinataka kibali kwa anayetaka kuchimba kisima kirefu. Sheria hizo zikisimamiwa kwa karatasi tu, chumvi haitasoma karatasi. Zikisimamiwa kwa kupima maji ya visima kila msimu, kwa kulinda matuta na misitu ya pwani, na kwa kuyatengeneza majabia yaliyopasuka kabla ya kununua boti nyingine ya maji, watu watanywa. Halmashauri inayopitisha ramani ya hoteli, shule au msikiti mpya ina haki ya kuuliza swali moja kabla ya mhuri: maji ya paa hili yatakwenda wapi?

Nawe msomaji unayekaa kando ya bahari, usingoje halmashauri. Kabla ya masika yajayo, panda juu ya paa lako uone maji yanateremkia wapi. Onja maji ya kisima chako mwishoni mwa kiangazi na uandike ulivyoyaona. Mwaka ujao uonje tena ulinganishe. Kama kuna birika la zamani nyumbani au msikitini kwenu, lizibeni nyufa mlitumie. Kama lipo jabia kijijini, liteulieni watu wa kulisafisha na muda wa kulisafisha.

Ardhi iliyoingia chumvi huchukua miaka mingi ya mvua kujisafisha, na muda huo wote wanaokaa juu yake hununua maji au huhama. Watu wa Takwa walipata pa kuhamia kwa sababu ng'ambo ya mlango wa bahari kulikuwa na mchanga mtupu wenye maji baridi chini yake. Mchanga huo leo una wenyewe, visima vyake vina foleni, na ng'ambo yake ni bahari. Tuyatunze maji tuliyo nayo hapa tulipo.